Msimulizi Aliyeambiwa Akome

Ilikuwa mwaka wa kwanza wa Showa. La, nimekosea, niache nijirekebishe kabla sijafika mbali. Kwetu miaka huhesabiwa kwa mfalme, na mfalme wa zamani alifariki Desemba ikiwa inakatika, hata mwaka wa kwanza wa Showa, yaani wa mfalme mpya, ukawa na juma moja tu, na juma hilo majumba ya sinema yalikuwa yamefungwa kwa msiba. Hauwezi kuwa huo. Tena nakumbuka joto. Nakumbuka mikokoteni ya vifuko vya hariri ikishuka kutoka vijijini, na mji wetu wote wa kando ya ziwa ukinuka viwavi waliochemshwa, harufu ambayo mgeni akiisikia huziba pua na mwenyeji husikia njaa. Basi ulikuwa mwaka wa pili, mwezi wa sita. Huo ndio mwaka ambao Seiran aliambiwa akome.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Momose Yosaku, mtoto wa mchoma makaa wa milimani. Seiran ni jina alilojipa mwenyewe la jukwaani, na akiulizwa maana yake alitoa maana mpya kila mara; nadhani alilipenda kwa mlio wake. Alikuwa msimulizi wa picha. Watoto wa leo wanadhani picha zilizaliwa zikisema. Wakati ule zilikuwa bubu, na kando ya kitambaa cheupe, upande wa kushoto, alisimama mtu mmoja mwenye koo, akawa yeye mwizi na yeye mpelelezi, yeye bibi anayelia na yeye mvua inayonyesha nje ya dirisha la bibi huyo. Watu hawakusema wanakwenda kumtazama mcheza picha fulani. Walisema, "Twende kwa Seiran." Kwenye bendera za mlangoni jina lake liliandikwa kubwa, na majina ya wachezaji wenyewe yalijibana chini kama watu waliochelewa.

Alikuwa na tumbo. Akivaa vazi lake rasmi jeusi, tumbo lilitangulia jukwaani, naye akalifuata kwa heshima. Kabla ya kila onyesho alikunywa yai bichi kulainisha koo, na kando ya kimeza chake palikuwa na kitufe cha kengele iliyolia kule juu kwa fundi wa mashine. Fundi akizungusha mkono wa mashine haraka, kengele inalia. Baadaye utawasikia wanagombana ngazini.

"Umenikimbiza kama mbuzi. Yule mama alikuwa anakufa, wewe unamfanya acheze ngoma."

"Mwalimu, alikuwa amekufa dakika tatu nzima. Watu wanataka kurudi makwao."

"Atakufa mpaka mimi nimalize."

Mimi nilikaa chini, mbele ya jukwaa, na gambusi langu la nyuzi tatu, pamoja na mpiga filimbi na mpiga ngoma. Uso wangu ulielekea kitambaa, mgongo wangu ulielekea watu. Hilo la mgongo lilikuja kunifaa. Nilikuwa kijana wa kuzungukazunguka, leo mji huu, kesho ule, lakini kwa Seiran nilikaa miaka minne, na nilipanga chumba kidogo juu ya nyumba yake, kwa hiyo ya jukwaani niliyaona na ya jikoni niliyasikia.

Jumba letu liliitwa Matsukaze, na mwenyewe alikuwa mjane aitwaye Bi Otaki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnada. Watu waliacha mitalawanda yao mlangoni, wakapewa kibao chenye namba, wakaingia kukaa juu ya mikeka. Mtu mmoja tu aliingia na viatu: askari. Nyuma kabisa, mahali pa juu kidogo, palikuwa na kiti cha polisi, na kila onyesho askari alikaa pale, viatu miguuni, akisikiliza. Leseni ya msimulizi ilitoka polisi, na polisi ndio walioweza kuichukua. Msimulizi akiteleza, askari alisema kwa sauti, "Msimulizi, tahadhari." Akiendelea, askari alisema, "Msimulizi, koma." Akishaambiwa akome, hakuna neno lingine. Akifungua kinywa tena, leseni hana.

Askari wetu alikuwa Afande Shionoiri. Nisimseme vibaya. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya huzuni, na alipenda picha kuliko sisi sote.

Juma la kwanza la mwezi ule ilikuja picha ya uhalifu. Si ile ya mabomu na kukimbizana juu ya mapaa, ambayo nayo tuliipenda. Hii ilikuwa ya ndani ya nyumba. Mtumishi mmoja, Osayo, anatumikia nyumba ya tajiri. Mtoto wa kiume wa nyumba hiyo ana madeni ya kamari. Anaiba kitana cha mama yake, kitana cha gamba la kasa chenye dhahabu, na kabla hajapata mnunuzi anasikia hatua, anakitumbukiza ndani ya furushi la Osayo. Kitana kinapatikana. Osayo anafungwa. Mwisho anatoka gerezani penye theluji, nywele zimekatwa, na anatazama nyuma. Basi, picha imekwisha. Nimeisema kwa maneno machache, lakini ilikuwa reli sita, yaani mikanda sita ya filamu.

Kwenye kitambaa, wakati furushi linapofunguliwa, Osayo anafungua kinywa na kukifunga, anafungua na kukifunga. Waandishi wa picha hawakuweka maandishi pale. Waliacha tupu. Mahali patupu palikuwa pa Seiran. Akatoa sauti ndogo, isiyo na kilio, sauti ya mtu aliyechoka, akasema:

"Sikuiba. Mikono hii imefua nguo zenu, imepika wali wenu, imemwosha bibi yenu alipokufa. Haya, ikague. Ukiona kitana, nifunge. Ukiona malengelenge, nirudishie, hayo ni yangu."

Sijui kama unaelewa maneno hayo yalifanya nini katika mji wa hariri. Wasichana wetu walikaa alfajiri hadi usiku mbele ya makarai ya maji ya moto, wakitafuta kwa ncha za vidole mwanzo wa uzi juu ya kifuko. Vidole vyao vilikuwa vyeupe na vimevimba kama vya mtu aliyezama. Na jioni, kwenye lango la kiwanda, walipapaswa mmoja mmoja kuhakikisha hawakuficha hariri kifuani. Walipoyasikia maneno yale jumbani hakuna aliyelia kwa sauti. Palikuwa kimya, mpaka nikasikia kimya mgongoni kama baridi. Nyuma kabisa nilisikia mtu anapenga kamasi. Alikuwa Afande Shionoiri.

Juma halijakwisha, maneno yale yalikuwa yamehamia viwandani. Msichana akisonga mbele ya mpapasaji langoni, ananyoosha mikono na kusema kwa sauti ndogo, "Haya, ikague." Wa nyuma yake anasema, "Ukiona malengelenge, nirudishie." Wote uso mkavu. Kwenye makarai walikuwa wakiyasema kwa mahadhi, mmoja anaanza, safu nzima inapokea, huku gurudumu la uzi linazunguka. Msimamizi akisema kelele za nini, wanajibu, "Ni sinema, bwana."

Kiwanda kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Bwana Kajitani. Mwezi huohuo alikuwa amemfukuza msichana mmoja, Omitsu, akidai ameiba fundo la uzi, na Omitsu alikuwa bado mjini, anaosha vyombo kwenye duka la tambi, hataki kurudi kwao na jina la mwizi. Basi Bwana Kajitani aliposikia maneno ya Osayo yanazunguka na magurudumu yake, alielewa.

Mtu mwingine angeipiga picha marufuku. Yeye alikuwa na akili zaidi. Alisema, kama nilivyosikia kwa Bi Otaki, "Maneno yameshaingia masikioni. Ukifunga mlango yanabaki ndani. Yatolewe na kinywa kilekile kilichoyaingiza." Akakodi jumba zima kwa siku ya mapumziko ya kiwanda, mchana, awalete wasichana wake wote bure, picha ileile, msimulizi yuleyule. Ila ile sehemu ya kijana kuweka kitana ndani ya furushi ikatwe kwa mkasi. Na mahali Osayo anapofungua kinywa, Seiran aseme kwamba anakiri.

Aliyeleta ujumbe huo ni Afande Shionoiri. Alikuja jioni, akavua viatu, akakaa jikoni kwa Seiran. Mke wa Seiran, Fuki, alimwekea chai na kisahani cha viwavi waliokaangwa kwa sosi. Mimi nilikuwa ngazini nikifunga uzi mpya kwenye gambusi, na ile ngazi haina mlango.

"Mwalimu," akasema askari, "mimi nililia. Unajua nililia."

"Nilikusikia. Ulinivurugia kituo."

"Basi usinifanye nikuandike. Ni neno moja tu. Anafungua kinywa, unasema, nimekosa bwana, nisamehe. Nani ameumia? Ni picha."

"Afande, wewe ukiwa kitini kwako, ulilia kwa ajili ya picha?"

Askari akala kiwavi kimoja. Akasema, "Ukikaidi, leseni inakwenda. Sio mimi. Imeshaamuliwa huko juu. Na ikishakwenda hapa, hakuna mji mwingine utakaokupa."

"Najua."

"Una kazi nyingine unayoijua?"

"Tazama mikono hii," Seiran akasema. "Laini kama tofu. Hata makaa ya baba yangu sikuweza kuyabeba. Nilizaliwa koo, hiki kingine ni kifungashio."

Askari alipoondoka, Fuki alikusanya vyombo. Fuki mwenyewe alikuwa msichana wa makarai kabla hajaolewa, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena vizuri. Seiran akamtazama muda mrefu.

"Bi mkubwa, unasemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu nini, anasema. Nikisema anakiri, tunakula. Nisiposema, tutakula nini?"

"Si una maneno."

"Maneno yana chumvi?"

"Yako yamezidi chumvi siku zote." Akaendelea kuosha. Halafu akasema bila kugeuka, "Usiniulize mimi ili kesho useme mke wangu ndiye aliyeniambia. Uje na leseni, uje bila leseni, kuni zile nje ni za kupasua vilevile. Na hujazipasua tangu majira ya theluji."

Asubuhi yake nikamsikia anapasua kuni. Vibaya sana. Nilidhani amekata shauri kukubali na anajionea haya. Wengine jumbani walidhani hivyohivyo. Fundi wa mashine alimwambia, "Mwalimu, hakuna atakayekulaumu," na Seiran akajibu, "Ndiyo maana jambo lenyewe linanuka."

Siku yenyewe ilikuwa na jua kali. Tulifunga mapazia meusi ya madirishani, jumba likawa kama ndani ya mtungi. Wasichana wa Kajitani waliletwa kwa safu, wamevaa nguo za pamba zilizonyooshwa, nywele zimechanwa, zaidi ya mia tatu. Mtunza mitalawanda alichanganyikiwa kwa sababu mitalawanda yote ilifanana, ya kiwanda. Walikaa magoti chini, bega kwa bega. Bwana Kajitani alikaa mbele kwenye mto wa kukalia, upepeo mkononi. Afande Shionoiri alikuwa kitini kwake. Nilitazama nyuma mara moja kabla ya taa kuzimwa, nikaona karibu na nguzo msichana asiye na nguo za kiwanda, mwenye kilemba cha muosha vyombo. Bi Otaki alikuwa amemwingiza kwa mlango wa jikoni. "Jumba ni langu," aliniambia baadaye. "Amelikodi kwa saa tatu, hajalioa."

Seiran alitoka. Tumbo mbele, yeye nyuma. Akainama kwa watu, akainama kwa kiti cha polisi. Picha ikaanza, naye akasimulia reli ya kwanza, ya pili, ya tatu, vizuri kabisa, wala hakupiga kengele hata mara moja. Nilimpa nyuzi pale anapozitaka. Kijana anacheza kamari, anashindwa. Anaingia chumbani kwa mama yake usiku. Mkono unaelekea kitana. Halafu picha ikaruka. Ghafla tuko asubuhi, nyumba imechafuka, mama anatafuta, na wote wamezunguka furushi la Osayo.

Seiran akawageukia watu. Kisha akasema, kwa sauti yake mwenyewe, si ya mtu wa kwenye picha:

"Mabibi zangu, hapa palikuwa na urefu wa mikono miwili wa filamu. Palipita mkasi."

"Msimulizi, tahadhari," ikasema sauti ya nyuma. Haikuwa kali. Ilikuwa karibu na kuomba.

Bwana Kajitani aliacha kupepea.

Furushi likafunguliwa. Kitana kikaangukia mkekani. Uso wa Osayo ukajaa kitambaa chote, mkubwa kama mlango, na kinywa kikafunguka. Nilimtazama Seiran. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, nikaona jasho linamshuka shingoni na kuingia ndani ya vazi jeusi. Akavuta pumzi.

"Sikuiba," akasema Osayo, kwa koo la Seiran.

"Msimulizi, koma."

Ndiyo hivyo. Neno moja. Seiran akainama kwa kiti cha polisi, akakunja miguu, akakaa chini jukwaani kando ya kimeza chake, mikono magotini. Hakutoka. Sheria ilisema akome, haikusema aondoke.

Mashine kule juu ilikuwa inazunguka. Mpiga filimbi akashusha filimbi. Mimi sikujua nifanye nini, nikaendelea kugusa uzi mmoja tu, ule mnene, taratibu. Kinywa cha Osayo kilikuwa bado kinafunguka na kufunga, kinafunguka na kufunga, hakuna kitu kinachotoka. Sijapata kuona picha bubu namna ile. Nilikuwa nimefanya kazi miaka yote ile na sikujua ububu wenyewe unafananaje.

Hapo ikatoka sauti mgongoni kwangu. Ya mwanamke. Haikuwa kubwa.

"Mikono hii imefua nguo zenu."

Nikagusa uzi tena. Halafu sauti mbili au tatu, sehemu nyingine ya jumba: "Imepika wali wenu."

Na kisha kama safu ya makarai inavyopokea, jumba lote: "Imemwosha bibi yenu alipokufa. Haya, ikague."

Afande akasimama. Nilisikia viatu vyake. "Msimulizi, koma."

Seiran akainua mikono yote miwili, akaonyesha kinywa chake kwa kidole, kimefungwa kama mkoba. Watu wa mbele wakacheka. Akainama tena, kwa adabu sana.

"Nyinyi wasichana, komeni."

"Yupi, afande?" ikauliza sauti gizani.

"Huyo aliyesema."

"Amesema nani?" ikauliza nyingine, upande wa pili.

"Labda ni Osayo," ikasema ya tatu. "Mwulize, yuko pale kwenye kitambaa."

Afande akaamuru mapazia yafunguliwe. Bi Otaki akavuta moja. Jua likaingia, likawaangukia wasichana mia tatu waliokaa magoti chini, mikono mapajani, vinywa vimefungwa, macho mbele. Kwenye kitambaa Osayo alibaki kivuli cha moshi. Afande akapita kati yao na viatu vyake, akitazama uso huu na uso ule, mabega yake yameshuka. Hakuna aliyepepesa jicho.

"Funga pazia," akasema Bwana Kajitani. "Picha haionekani." Maana gereza lilikuwa linakuja, na gereza ndilo alilolilipia.

Pazia likafungwa. Giza lilipokamilika tu, sauti zikasema pamoja, pole kabisa, kama watu wanaosali: "Ukiona kitana, nifunge. Ukiona malengelenge, nirudishie, hayo ni yangu."

"Zima mashine," akapiga kelele Kajitani.

Bi Otaki alikuwa amesimama karibu naye na kamba ya pazia mkononi. "Bwana mkubwa, filamu ikisimama mbele ya taa inashika moto. Jumba hili ni mbao tupu. Nikuzimie, nikuandikie kwamba umeagiza wewe? Au tuiache itembee?"

Ikatembea. Wakasimulia mpaka mwisho. Yale ambayo Seiran hakuwa na maneno yake waliyatunga palepale. Hakimu alipotokea na miwani yake, msichana mmoja alimpa sauti ya msimamizi wa kiwanda, mwenye kithembe, na jumba likaangua kicheko, hata mpiga ngoma akapiga pale pasipostahili. Kijana mwizi alipotokea amevaa kofia mpya, sauti nzito ikasema, "Waulizeni wenye mkasi." Na Osayo alipotoka penye theluji na kutazama nyuma, hawakusema kitu. Walimwacha atazame. Nilipiga nyuzi zote tatu, nadhani nilipiga vizuri.

Taa ziliwaka. Afande Shionoiri alitembea hadi jukwaani, akavua kofia, akanyoosha mkono, na Seiran akatoa leseni ndani ya vazi lake akampa kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kadi ya harusi.

"Mwalimu, ungesema tu lile neno," askari akamwambia chini chini.

"Afande, nilitaka. Kabisa. Lakini lilikataa kupita hapa." Akajigusa koo. "Limezoeshwa vibaya."

Kiwandani wasichana waliitwa ofisini mmoja mmoja kuulizwa nani alianza. Kila mmoja alijibu alikuwa analia, hakusikia. Walilia mia tatu, basi, wote kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Bwana Kajitani angetaka kuwafukuza, lakini vifuko vya masika vilikuwa vimejaa ghala hadi darini, na nondo aliye ndani ya kifuko hangoji mtu. Baada ya siku chache akitoboa atoke, uzi umekatika, kifuko kimekuwa takataka. Akawarudisha kwenye makarai. Omitsu hakumrudisha, lakini hakuna mtu mjini aliyemwita mwizi tena, na duka la tambi lilijaa.

Mimi pia niliulizwa na wakubwa waliotoka mkoani. "Wewe ulikuwa mbele, umesikia. Sauti ya kwanza ya nani?" Nikawaambia nilikaa nimewapa watu mgongo. Wakaniambia niigeze. Nikaigeza kwa gambusi. Wakanifukuza.

Seiran hakupata leseni tena. Alijaribu kukaanga biskuti za mchele, akaziunguza, akaziuza hivyohivyo akizisifia kwa sauti ya mpelelezi, watu wakanunua kwa ajili ya sauti. Miaka michache baadaye zikaja picha zinazosema zenyewe. Wasimulizi wa nchi nzima wakatupwa nje, wengine wakagoma, wengine walijinyonga, wenzetu wale. Walipokuja kwake kulia, aliwakaribisha. "Karibuni," alisema. "Mimi serikali ilininyamazisha kabla ya mashine. Nimewatangulia darasa la njaa, nitawafundisha." Na aliwafundisha. Alikuwa amekwisha kupata baiskeli na kisanduku cha mbao chenye picha za karatasi, akizunguka vijijini, watoto wananunua peremende na kusikiliza. Mwanzoni karatasi hazikuhitaji leseni. Picha moja aliichora mwenyewe, vibaya, kichwa cha Osayo kikubwa kama boga. Polisi wa kijiji kimoja alimwuliza hadithi hii ya nani. Akajibu, "Ya huyu hapa, unamwona ana kinywa."

Fuki alifariki kwanza. Yeye akafuata baada ya vita, majira ya baridi, ziwa limeganda. Nilikuwa nimerudi kupita tu, nikakaa naye siku za mwisho. Tumbo lilikuwa limekwisha, koo lilikuwa palepale. Nikamwuliza kama angekuwa na nafasi ya pili angefanyaje. Akasema angekunywa mayai mawili.

Nikamwuliza na lile jingine, sauti ya kwanza ilikuwa ya nani. Masikio yake yalijua sauti kama muuza samaki anavyojua macho ya samaki, na alikuwa amewaelekea watu, hakuwapa mgongo kama mimi. Akanitazama, akainua mikono yote miwili, akaonyesha kinywa chake kwa kidole.

Tangu hapo nimezunguka bonde lote na gambusi langu, na kila nikikutana na bibi kizee mwenye vidole visivyokunjika namwuliza. Nimemwuliza Omitsu mwenyewe, sasa ana wajukuu, akaniita kwa jina langu, "Kyuhei, kula achari, inapoa," na achari haipoi. Nimemwuliza aliyekuwa mpapasaji wa langoni. Nimemwuliza hata Afande Shionoiri, aliyeacha kazi akawa anafuga nyuki; akasema hakusikia, alikuwa analia. Sitaki kumshtaki mtu. Wakubwa wa mkoa walishakufa, kiwanda kimekuwa shule, hakuna wa kumfunga. Nataka tu kumpigia nyuzi tatu mlangoni kwake na kwenda zangu. Lile giza lilikuwa zito, Seiran amekwisha kukaa chini, na mtu mmoja, peke yake, hajui kama kuna atakayempokea, alifungua kinywa. Alikuwa nani?